Kaimu Kivinjari

Nchi yangu siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kulitaja kwenye maandishi kunahitaji kibali, kibali hutolewa Jumatano, na leo ni Ijumaa. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina milima miwili na kamati mia nne na kidogo. Ukiitambua, kaa nayo moyoni.

Mimi nilikuwa Karani Daraja la Tatu katika Idara ya Taifa ya Vivinjari. Kivinjari, kwa asiyekijua, ni ile programu ya kompyuta inayokufungulia kurasa za mtandao. Nasikia katika nchi za wenzetu kivinjari ni programu tu. Mtu anakiweka, kikichakaa anakitoa, anaweka toleo jipya, anaendelea na shughuli zake. Sijui wanaishije watu wasio na utaratibu. Kwetu kivinjari ni mtumishi wa umma.

Ilikuwa hivi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilipofika, hapakuwa na fomu ya kuipokelea. Fomu ya kupokea meza ilikuwapo, ya kupokea ng'ombe wa mbegu ilikuwapo. Watu wa bohari wakasema kitu kinachojibu ukikigusa si samani. Watu wa mifugo wakakizunguka mara mbili wakasema si chao. Ikabidi kiende Utumishi, na Utumishi hawajui namna nyingine ya kupokea kitu ila kukiajiri. Kwa hiyo kivinjari kilichokuwa ndani ya kompyuta ile, kiitwacho Upeo, Toleo la Saba, kikapewa barua ya ajira, namba ya utumishi na faili binafsi. Kikapimwa afya. Kiapo alikila mkurugenzi wa wakati huo kwa niaba yake, mkono ukiwa juu ya kibodi.

Tangu siku hiyo hatukumwita "hicho". Alikuwa mwenzetu, tulimwita Mzee Saba. Alikuwa na likizo ya siku ishirini na nane kwa mwaka, na akiwa likizo mashine ilifunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mwananchi aliyekuja aliambiwa mhusika hayupo. Kazi yangu ilikuwa kutunza faili lake na kumjazia fomu ya tathmini. Mahusiano na wenzake: mazuri. Kuwahi kazini: hutegemea umeme.

Mzee Saba alikuwa na kitu kimoja ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho, nacho ni plagini. Plagini ni kidude kinachochomekwa kwenye kivinjari ili kifanye kazi ambayo chenyewe hakikujaliwa. Plagini ya Mzee Saba ilikuwa ya sahihi. Mkurugenzi aliingiza kadi yake, akabonyeza, na sahihi ya serikali ikatua chini ya fomu pamoja na mhuri wa bluu uliozunguka mara tatu kabla ya kutulia. Ulikuwa mhuri wa kupendeza, watu walikuja kuutazama. Aliyeitengeneza plagini ile ni bwana mmoja ambaye siku hizi anauza magodoro, na hakuwahi kutengeneza nyingine.

*

Bi Sikudhani alikuja Jumatatu asubuhi, ana mimba ya miezi sita, hukumu ya Mahakama ya Rufaa iko kwenye mfuko wa nailoni isije ikalowa. Mumewe, Fundi Kibwana, alikuwa mchomeleaji wa mageti. Alimtengenezea geti Waziri wa Habari, geti zuri, lina maua ya chuma. Siku moja Waziri akasimama nje ya nyumba yake kuwaeleza waandishi wa habari mafanikio ya wizara, na upepo ukawa unalisukuma lile geti. Kila Waziri alipotamka neno mafanikio, bawaba ikalia nyiii. Mara tatu. Waandishi wakainamisha vichwa kwenye daftari zao, mabega yanawatikisika.

Fundi Kibwana akashitakiwa kwa kumzomea kiongozi kwa kutumia chuma, akapewa miaka miwili. Alipokwisha kutumikia miezi minne, Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba bawaba ina sauti yake yenyewe na fundi hawezi kuhukumiwa kwayo. Ikaamuru aachiwe mara moja.

"Wamesema mara moja," Bi Sikudhani akaniambia. "Nimetoka magereza sasa hivi. Wameniambia hiyo mara moja inaanzia kwenu."

Nikamkaribisha kiti, maana mimi si mtu mbaya, nikamweleza taratibu. Magereza yana tovuti mpya iitwayo Lango. Fomu ya kumwachia mtu iko ndani ya Lango, na Lango hufunguliwa na Upeo, Toleo la Kumi na Mbili, tu. Ukilifungua kwa Mzee Saba, skrini inakuwa nyeupe pe. Ukilifungua kwa Kumi na Mbili, fomu inatokea vizuri, jina, namba, kila kitu, lakini pale chini penye sahihi unakuta kisanduku cha kijivu chenye maneno: Plagini hii haitambuliki. Na Lango linakumbuka mashine. Fomu ikitolewa kwenye mashine moja, inatakiwa isainiwe na kurudishwa kwenye mashine ileile.

Akafikiri kidogo, mkono juu ya tumbo.

"Kwa hiyo fomu iko kwa huyu na sahihi iko kwa yule."

"Umeelewa haraka, mama. Wengine inawachukua mwezi."

"Sasa si muwaweke wote wawili kwenye mashine moja?"

Nikacheka kwa upole, nikamsomea Waraka wa Utumishi: kiti kimoja, mtumishi mmoja. Mzee Saba alikalia mashine ya chumba cha nne, Kumi na Mbili mashine ya chumba cha tano. Kuwaweka vivinjari wawili kwenye mashine moja ni sawa na kukalisha watumishi wawili kwenye kiti kimoja. Likiharibika jambo, nani anaandikiwa barua?

"Basi nije lini?"

"Jumatatu, mama."

"Leo ndiyo Jumatatu."

"Ndiyo. Nyingine."

*

Kwa bahati mbaya, wiki ileile wenye Upeo huko kwao walitangaza kwamba Toleo la Saba limefikia mwisho na hawatalihudumia tena. Idarani tukaelewa tangazo lile kama mtu yeyote mwenye akili angelielewa: Mzee Saba amefikisha umri wa kustaafu.

Tukamfanyia sherehe ya kumuaga. Alipewa saa ya ukutani na godoro, na godoro, ukiuliza lilitoka kwa nani, ni kwa yule bwana. Mkurugenzi wetu, Dakta Ponsiano Luvanda, alisimama mbele ya mashine akasema kwa dakika arobaini na tano.

"Mzee wetu huyu," alisema, "hajawahi kunijibu vibaya. Wakati mwingine hakunijibu kabisa. Huo ndio ukomavu."

Watumishi wakapiga makofi. Wengine walilia, nami nilikuwa mmojawapo, sikumbuki kwa nini.

Baada ya sherehe ikagundulika kwamba Mzee Saba akiondoka hakuna mwenye plagini ya sahihi, maana yake Dakta Luvanda hawezi kusaini hata posho ya sherehe yenyewe. Asubuhi yake Mzee Saba akaongezewa mkataba. Kumi na Mbili akaandikiwa barua ya kukaimu, na mwenye kukaimu, kama kila mtu ajuavyo, anaitikia simu lakini hasaini. Mlangoni pa chumba cha tano pakabandikwa karatasi: KAIMU KIVINJARI. Piga hodi.

Yule Kaimu hakutulia. Jumapili moja, ofisi imefungwa, alijisasisha mwenyewe. Yaani aliingia mtandaoni akajichukulia marekebisho mapya bila kibali cha mwajiri. Jumatatu tukamkuta ana vitufe vya mviringo. Dakta Luvanda akamwandikia barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu, nikaichapa mimi, nikaiweka mbele ya skrini. Siku kumi na nne zikapita hajajibu. Ikaandikwa kwenye faili: kiburi.

Bi Sikudhani naye alikuja kila Jumatatu. Alikaa kwenye benchi la kijani karibu na dirisha, mfuko wake wa nailoni mapajani. Alhamisi alikwenda kumtazama mumewe, Jumatatu akaja kwangu, na siku nyingine zote alikaanga vitumbua. Hakuwahi kupaza sauti. Nadhani ningependelea angepaza.

"Kuna lolote, Bwana Karani?"

"Jumatatu, mama."

Jumatatu mbili hakuja. Ya tatu akaja na mtoto mgongoni.

"Ni wa kike," akasema. "Mwanamvua. Baba yake amemwona kwenye wavu wa gereza."

Nikamwambia hongera. Kisha nikamwambia Jumatatu.

*

Usidhani serikali ililala. Iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuchagua Toleo Moja, yenye wajumbe kumi na mmoja, akiwemo mtaalamu wa samaki ambaye wiki ile hakuwa na safari. Kazi yake ilikuwa kuamua nchi nzima itumie toleo lipi, ili mashine zote ziwe na mtumishi mmoja mwenye kufanya yote. Kamati ikaenda nje kujifunza, ikarudi na picha ya wajumbe wote mbele ya jengo refu lenye madirisha mengi.

Halafu ukaja usaili. Sheria inataka kila nafasi ya umma igombaniwe, kwa hiyo Mzee Saba na Kaimu waliitwa mmoja mmoja mbele ya jopo, mashine zikiwa zimefutwa vumbi. Mimi niliandika kumbukumbu.

Mzee Saba aliulizwa ajieleze kwa ufupi. Ukurasa ulianza kufunguka, ukafika nusu, ukasimama. Jopo likangoja. Baada ya robo saa mtaalamu wa samaki akaandika: mtulivu, hakurupuki. Swali la pili lilikuwa anajiona wapi miaka mitano ijayo, na skrini ikazimika. Wajumbe wakatazamana kwa huzuni wakampa alama za uaminifu.

Kaimu alifungua ukurasa kabla Mwenyekiti hajamaliza kuuliza.

"Ana haraka huyu," Mwenyekiti akasema. "Hata hakusubiri aambiwe karibu."

"Na umri wake?" akauliza mwingine.

"Mwaka mmoja na nusu, Mwenyekiti," nikajibu.

Jopo likaguna. Baada ya hapo Kamati ikaenda kutafakari kwa miezi tisa.

*

Katika miezi hiyo tisa kulitokea jambo ambalo ningeliruka kama ningekuwa na ujasiri wa kuliruka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na Idara, palikuwa na steshenari ya Bi Eshe. Alitoa kopi, alipiga picha za paspoti, alichapa barua za maombi ya kazi. Mwanamke mnene, mcheshi, ulimi wake mkali. Bi Sikudhani alikwenda pale kutoa kopi ya hukumu, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imechakaa kwa kukunjwa, na Bi Eshe akamuuliza ana shida gani. Alipoelezwa, alifungua mlango wa steshenari, akamshika mkono, akavuka naye barabara mpaka mezani kwangu.

"Wewe karani," akasema, "mimi pale kwangu nina Saba na nina Kumi na Mbili. Mashine moja. Wanafunzi nawafungulia fomu za chuo kwa hii, madereva nawafungulia leseni kwa ile. Wanakaa pamoja mwaka wa pili huu, sijawahi kusikia wamegombana."

"Haiwezekani, Bi Eshe."

"Njoo uone, basi. Mwambie bosi wako avuke na kadi yake na nakala ya ile plagini. Naichukua fomu kwa Kumi na Mbili, anasaini kwa Saba, nairudisha kwa Kumi na Mbili. Chai haijapoa, mume wa huyu yuko nje."

Sasa nitasema ukweli. Nilikuwa najua inawezekana. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na Upeo kilikuwa kwenye droo yangu, na ukurasa wa sita ulisema wazi kwamba matoleo mawili yanaweza kukaa kwenye mashine moja pasipo tatizo. Niliusoma ukurasa ule siku ya kwanza aliyokuja Bi Sikudhani, nikaurudisha drooni. Nilikuwa nasubiri kupandishwa Daraja la Pili, na mtu anayesubiri daraja hamwambii mkubwa wake kwamba waraka wake ni upuuzi.

Badala yake nikamwita Dakta Luvanda. Akatoka, akamsikiliza Bi Eshe akiwa amefumba macho.

"Sahihi ya Jamhuri," akasema, "iwekwe kwenye kivinjari cha mtaani? Kisicho na barua ya ajira? Kisichopimwa hata afya?"

"Afya yake nzuri kuliko ya huyo mzee wenu wa chumba cha nne," Bi Eshe akajibu.

Kesho yake walikuja polisi wawili wakachukua mashine ya Bi Eshe. Shitaka lilikuwa kuhifadhi vivinjari wawili katika kiti kimoja pasipo barua za ajira. Mashine ikafungiwa kwenye bohari yetu, imefungwa kadi ya kahawia iliyoandikwa KIDHIBITI NAMBA MOJA. Bi Eshe akabaki na mashine ya kopi na kesi isiyotajwa tarehe. Jumatatu iliyofuata Bi Sikudhani alikuja kama kawaida, Mwanamvua ameanza kukaa mwenyewe, wamekaa pamoja kwenye benchi la kijani. Hakuniuliza kitu. Nikamwambia Jumatatu bila kuulizwa, nikaona aibu, nikajifanya natafuta faili.

*

Hatimaye Kamati ikatoa uamuzi, nao ulisomwa redioni baada ya wimbo wa taifa. Mwenyekiti alieleza kwamba kwa Toleo la Saba plagini inafanya kazi lakini Lango halifunguki. Kwa Toleo la Kumi na Mbili Lango linafunguka lakini plagini haifanyi kazi. Kuchagua moja kungeleta manung'uniko kwa upande mwingine, na nchi yetu haina desturi ya kumnung'unisha mtu. Kwa hiyo, kwa kuzingatia haki, usawa na maridhiano, lilichaguliwa Toleo la Tisa.

Kwa Toleo la Tisa plagini haifanyi kazi na Lango halifunguki. Hakuna aliyependelewa.

Maandalizi ya uzinduzi yakaanza. Wakati huohuo, huko gerezani, Fundi Kibwana alimaliza kifungo chake. Siku iliandikwa kwenye daftari kubwa la wino tangu alipoingia, na daftari la wino halina matoleo. Afande Kisoka, mkuu wa gereza, akamchungulia kwenye mstari wake, akamwambia kwaheri, na Fundi akaenda nyumbani kwa miguu. Miaka miwili kamili, hakupunguziwa hata siku moja. Alimkuta Mwanamvua anatembea.

Mimi sikujua. Niliona tu Bi Sikudhani hakuja Jumatatu moja, hakuja na ya pili. Nikadhani amechoka na mimi. Benchi la kijani lilikaa wazi, na siku zile nilikuwa nalitazama kuliko nilivyolitazama wakati amelikalia.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Habari, yuleyule wa geti. Kilijengwa kijukwaa, kikawekwa mashine yenye Toleo la Tisa, na Waziri akatakiwa abonyeze kitufe kimoja mwananchi wa kwanza ahudumiwe mbele ya kamera. Jaribio la mwisho lilifanyika nusu saa kabla hajafika. Skrini nyeupe. Wakazima, wakawasha. Nyeupe.

"Karani," Dakta Luvanda akaninong'oneza, jasho linamtiririka, "niletee mashine yoyote inayopumua."

Mashine inayopumua nilijua ni ipi. Nikaenda bohari, nikaitoa ya Bi Eshe, nikaifunika kile kitambaa cha kufuma cha Mzee Saba ili kadi ya kahawia isionekane. Nikaipandisha jukwaani, nikaichomeka, nikanakili ndani yake plagini ya Mzee Saba. Na walipouliza tuanze na mwananchi gani, sikufikiri. Fomu niliyoijua namba yake kwa moyo ilikuwa moja tu. Nilijiambia: angalau hili.

Nikaitoa fomu kwa Kumi na Mbili. Dakta Luvanda akaingiza kadi kwa Saba, mhuri wa bluu ukazunguka mara tatu, ukatulia. Nikairudisha kwa Kumi na Mbili, Waziri akabonyeza kitufe, na Lango likajibu: Imepokelewa. Ilichukua dakika mbili. Ukumbi ukalipuka makofi.

"Hayo ndiyo mafanikio ya Toleo la Tisa," Waziri akasema, na safari hii hakuna kilicholia. Papo hapo akaagiza mashine zote za serikali, kuanzia za magereza, ziwekewe Toleo la Tisa kabla ya jioni.

*

Jumatatu Bi Sikudhani akaja. Mwanamvua aliingia kwanza, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu akashika kiti. Mama yake hakukaa.

"Mume wangu alikuwa nyumbani," akasema. "Siku kumi na moja alikuwa nyumbani. Ameshaanza geti la watu. Ijumaa wamekuja askari wawili na pikipiki."

"Kwa kosa gani?"

"Hawakusema kosa. Walikuwa na adabu kweli. Wamemwambia, hatukukamati, baba, tunakurudisha ili uachiwe. Wanasema kumekuja amri ya kumwachia, wamemtafuta ndani hayupo, na mfungwa asiyekuwapo siku ya kuachiwa kwake ametoroka."

Nikaweka kalamu chini.

"Nikawauliza, sasa si mumwachie? Wanasema amri iko ndani ya Lango, na mashine yao imewekwa Tisa, Lango halifunguki. Asubiri." Akanitazama. "Nani alituma hiyo amri, Bwana Karani?"

Ningeweza kusema ni Waziri. Alibonyeza yeye, kuna picha. "Mimi," nikasema.

Hakunitukana. Alimchukua mtoto wake, akamweka kiunoni, akaniambia kwa sauti ileile ya siku zote, "Basi kamtoe."

Alipofika mlangoni nikajisikia nasema, kwa mazoea tu, mdomo wenyewe: "Jumatatu, mama." Akageuka akanitazama. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaenda bohari. Nikaibeba mashine ya Bi Eshe kichwani, kitambaa cha kufuma nimeifunika, nikatembea mpaka gerezani mchana kweupe, watu wananisalimia wakidhani nimehamishwa. Fundi Kibwana alikuwa amekaa kwenye benchi baina ya mageti mawili. Nilikuwa nimelijua jina lake miezi ishirini na sikuwahi kujua kwamba ana mvi. Geti la gereza lilipofunguliwa niingie, bawaba yake ikalia nyiii.

"Nimemwomba fundi, maadamu yupo, aipake mafuta," Afande Kisoka akaniambia. "Amekataa."

"Siigusi, Afande," Fundi Kibwana akasema. "Ilipolia mlinifunga. Nikiinyamazisha mtasema nimeficha ushahidi."

Nikaiweka mashine mezani, nikachomeka waya wa mtandao, nikafungua Lango kwa Kumi na Mbili. Fomu ilikuwa imekaa palepale inangoja, na mhuri wake wa bluu. Nikabonyeza. Skrini ikaandika: Kibwana, ameachiwa kihalali. Afande Kisoka akausoma mstari ule mara mbili, akasimama, akaipigia skrini saluti. Kisha akamfungulia Fundi geti.

Fundi Kibwana alisimama pale kizingitini kidogo. "Wewe ndiye wa Jumatatu?" akaniuliza. Nikasema ndimi. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilimwona Bi Sikudhani ng'ambo ya barabara, na yule mtoto anakimbia vile watoto wadogo wanavyokimbia, kwa tumbo.

"Mashine hii ya nani?" Afande Kisoka akauliza nyuma yangu. Alikuwa ameinua kitambaa na ameshika ile kadi ya kahawia.

*

Nilishitakiwa kwa kuiba kidhibiti na kwa kukalisha vivinjari wawili kwenye kiti kimoja. Nilipewa miaka miwili. Simlaumu mtu. Mahakama ya Rufaa imelitazama shauri langu kwa makini, ikaona kwamba kiti ni kiti na mashine ni mashine, na mwezi uliopita imeamuru niachiwe mara moja. Fomu yangu imo ndani ya Lango. Nchi nzima sasa ina Toleo la Tisa, na nasikia Kamati imeitwa tena.

Bi Sikudhani ndiye anayenifuatilia, sikumwomba. Kila Jumatatu anakwenda Idarani, anakaa kwenye lile benchi la kijani na hukumu yangu kwenye mfuko wake wa nailoni. Alhamisi anakuja kwenye wavu na vitumbua. Jana alikuja. Nikamuuliza karani mpya amesemaje. Akaanza kucheka kabla hajanijibu, nami nikajikuta nacheka, kwa kuwa jibu nilishalijua.

"Amesema Jumatatu, Bwana Karani."